Mwongozo kamili: Kufupisha safari ya ombi la manunuzi katika ofisi ya mradi

Wasimamizi wa miradi huuliza swali moja kwa namna nyingi: kwa nini ombi la manunuzi linachukua wiki tatu, na kila mtu ofisini anaonekana ana kazi hadi shingoni? Wengi wameshajaribu kulitibu tatizo hilo. Wamenunua programu, na sasa ombi linakwama ndani ya kompyuta badala ya kukwama ndani ya faili. Wameandika miongozo ya kurasa arobaini, ipo kabatini. Miezi miwili baadaye mambo yako palepale.

Kosa lao ni moja. Wanahangaika kumharakisha aliyekaa mezani, wakati siku zinapotelea kati ya meza na meza.

Mwongozo huu unashughulika na mchakato mmoja tu: ombi la manunuzi, tangu linapoandikwa saiti hadi mzigo unapopokelewa stoo. Karibu kila mradi unao, uwe wa madarasa, wa maji ya kijiji au wa taasisi inayotegemea wafadhili. Ukishauweza huo, hatua hizihizi zitafaa kwa marejesho ya masurufu (fedha anazopewa mtumishi kabla ya matumizi), ripoti za mwezi na hati za malipo ya mkandarasi.

Jambo moja kwanza kwa walio serikalini. Tanzania mnabanwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 pamoja na NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Kenya mnayo sheria yenu ya 2015. Yaliyowekwa na sheria hayaguswi. Kinachobaki mikononi mwenu ni kusubiri kwa ndani: dokezo lililolala masijala, sahihi inayomngoja aliyesafiri. Na huko ndiko siku nyingi zilikojificha.

## Unachohitaji

- Mafaili ya maombi 15 ya mwisho yaliyokamilika. Yachukue yalivyofuatana, usichague yaliyoenda vizuri.
- Karatasi za manila nne au tano, ukuta mtupu, kalamu za wino mzito, na vikaratasi vya kubandika vya rangi mbili.
- Daftari au jedwali la Excel.
- Kanuni za fedha za taasisi yako, na mkataba wa mfadhili kama yupo. Tafuta hasa ukurasa unaosema nani anaidhinisha kiasi gani.
- Saa tatu za watu wote wanaoligusa ombi, chumba kimoja, siku moja. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote.
- Wiki sita.

Programu mpya haimo kwenye orodha. Kama ofisi inakaribia kununua mfumo, omba ununuzi usubiri hadi umalize hapa. Mfumo huchukua utaratibu ulioukuta na kuugandisha; ukiugandisha ulio mbovu, kuubadilisha kutahitaji fundi wa kompyuta na bajeti nyingine.

## Hatua ya 1: Weka mipaka kwa maandishi

Andika sentensi mbili. "Safari inaanza fundi mkuu anapoandika ombi. Inaisha mtunza stoo anapotia sahihi kwenye hati ya kupokelea mzigo."

Ukiacha mipaka wazi, kila idara itahesabu muda wake kwa namna inayoipendeza. Ugavi watasema wanamaliza kwa siku mbili, mhasibu atasema siku moja, na wote watakuwa wakweli. Fundi wa saiti bado atakuwa amesubiri wiki tatu.

Utajua imekwenda vizuri ukimwuliza yeyote "ombi linaanza wapi na kuisha wapi?" na jibu likawa moja.

## Hatua ya 2: Pata baraka za mwenye sahihi

Mwendee mtu mwenye uwezo wa kubadili nani anasaini nini: meneja mradi, mkurugenzi, au mkuu wa fedha. Usimwombe ruhusa ya "kuboresha michakato". Mwombe mambo matatu yanayoshikika: kuona mafaili 15, kikao kimoja cha saa tatu, na majaribio ya wiki nne kwa saiti moja tu.

Mwombe pia awaambie wafanyakazi kwa kinywa chake kwamba hatafutwi mchawi. Kipimo kikianza, watu hudhani kuna barua za onyo zinachapwa. Mwenye hofu ataanza kurekebisha tarehe kwenye mafaili, na hapo takwimu zako zimekwisha kazi.

Onyo: kama hajakubali, usiendelee kimyakimya. Utafika hatua ya sita ukiwa na majibu mazuri yasiyo na mwenye kuyatekeleza.

## Hatua ya 3: Soma tarehe kwenye mafaili

Fungua kila faili uandike tarehe za vituo vyote: ombi liliandikwa lini, mhandisi alilikagua lini, ugavi walilipokea lini, profoma (bei za maandishi kutoka kwa wauzaji) zilikuja lini, LPO (hati ya kumwagiza muuzaji alete mzigo) ilitoka lini, malipo yaliidhinishwa lini, mzigo ulifika lini. Hesabu siku za kazi peke yake. Ukichanganya na Jumapili na sikukuu utaanza mabishano yasiyo na faida.

Kisha panga jumla ya siku za maombi yote 15 kuanzia dogo hadi kubwa na uchukue la nane, lililo katikati. Usitumie wastani. Ombi moja lililokaa siku 70 kwa sababu jenereta ilikuwa inatoka Dubai litauvuta wastani juu, na kila mtu atapata kisingizio cha kusema "takwimu hizo si za kawaida". Lile la katikati halina ubishi.

Andika pia la kumi na nne. Hilo ndilo linalomnyima usingizi msimamizi wa saiti, kwa sababu ratiba haiharibiwi na siku za kawaida bali na zile mbaya ambazo hazikutarajiwa.

Utakuta mapengo: sahihi zisizo na tarehe, mihuri isiyosomeka. Usiyajaze kwa kukisia. Yahesabu. Kituo kisichoandika tarehe ni kituo ambacho hakuna anayejua karatasi inakaa humo muda gani, na hiyo peke yake ni taarifa.

Utajua imekwenda vizuri ukiwa na namba mbili kwenye karatasi moja, kwa mfano: "katikati siku 18, mbaya siku 31".

## Hatua ya 4: Lifuate ombi moja kwa miguu

Mafaili yatakwambia lini. Hayatakwambia kwa nini. Chagua ombi moja linaloanza wiki hii, ulifuate meza kwa meza.

Nenda kama mwanafunzi. Kwa mhasibu unaweza kusema: "Shikamoo dada, naomba unifundishe, karatasi hii ikifika hapa, kwanza unaiangalia nini?" Halafu nyamaza uandike. Usitoe ushauri hata kama suluhisho unaliona kwa macho. Ukimkosoa mtu wa kwanza, habari itafika meza ya tatu kabla yako.

Katika kila meza uliza:

1. Karatasi inakufikiaje, na unajuaje kwamba imefika?
2. Ukianza kuishughulikia, inakuchukua dakika ngapi?
3. Ni nini kinakufanya uirudishe?
4. Usipokuwepo, nani anaishika?

Swali la nne ndilo linalotoa dhahabu. Katika ofisi nyingi jibu ni "inanisubiri". Kaimu yupo kwa barua, lakini hana nguvu ya kusaini chochote chenye fedha.

Na usiishie ofisini. Panda gari uende saiti. Huko ndiko utakapogundua kwamba ombi liliandikwa Jumatatu, likasubiri hadi Jumatano kwa sababu gari la kwenda mjini huondoka Jumatano. Hakuna faili litakaloonyesha siku hizo mbili, maana muhuri wa kwanza hupigwa mapokezi.

## Hatua ya 5: Ichoreni ukutani

Sasa waite wote: fundi mkuu, mhandisi, afisa ugavi, mhasibu, mtunza stoo, dereva kama ndiye anayebeba karatasi. Bandika manila ukutani. Rangi moja ya vikaratasi ni ya kazi, nyingine ni ya kusubiri. Kila mtu aandike vyake kwa mkono wake mwenyewe na kuvibandika. Ukiwachorea wewe, watautazama kama mchoro wako.

Huu hapa mfano wa ombi la nondo, nimeutunga ili uone hesabu inavyokwenda:

- Fundi mkuu anaandika ombi: dakika 20. Kusubiri gari: siku 2.
- Mhandisi analinganisha na BOQ (orodha ya vifaa na kazi za mradi pamoja na vipimo vyake): dakika 15. Kusubiri zamu yake: siku 1.
- Ugavi wanalirudisha saiti kwa sababu halikutaja unene wa nondo. Linasahihishwa: dakika 10. Kwenda na kurudi: siku 3.
- Ugavi wanatafuta profoma tatu: saa 2. Kusubiri wauzaji: siku 4.
- Meneja mradi anasaini: dakika 5. Alikuwa safarini: siku 4.
- Mhasibu anaandaa hati ya malipo: dakika 30. Kusubiri siku ya malipo, Ijumaa: siku 3.
- Sahihi ya pili benki: dakika 2. Kusubiri mwenye sahihi: siku 1.

Jumlisha. Kazi halisi ni saa 3 na dakika 22. Kusubiri ni siku 18, yaani saa 144 za kazi. Hata kila mtu akifanya kazi yake kwa kasi maradufu, mtaokoa saa moja na dakika 41. Ombi bado litatumia siku 18.

Acha ukuta useme. Chumba kikiona rangi ya kusubiri imetanda, lawama hupungua zenyewe, kwa sababu mtu aliyekuwa analaumiwa kwa uvivu anaonekana ameligusa ombi kwa dakika thelathini.

Onyo: wakubwa wakiwepo, vijana hunyamaza. Kama meneja wako ni wa aina hiyo, mwombe aje nusu saa ya mwisho, mchoro ukiwa tayari.

Utajua imekwenda vizuri mtu akisema, "Kumbe mnairudisha kwa ajili hiyo tu?" Sentensi hiyo husikika karibu kila mara.

## Hatua ya 6: Tenganisha aina za kusubiri

Kusubiri hakufanani, na dawa ya kumoja haitibu kwingine. Pitia vikaratasi vya kusubiri, kila kimoja ukiandike mojawapo ya yafuatayo.

Kurudi. Ombi lilikuwa na upungufu. "Saruji mifuko 200" haimwambii afisa ugavi kama ni ya daraja la nguvu la 32.5 au 42.5, na kwa nguzo tofauti hiyo si ndogo. Rudi kwenye mafaili 15 uhesabu: mangapi yalirudishwa, na kwa upungufu upi? Kwa kawaida sababu mbili au tatu hubeba sehemu kubwa.

Sahihi. Karatasi imekamilika, mwenye kalamu hayupo au ana foleni.

Mafungu. Kazi hufanywa kwa siku maalumu: malipo Ijumaa, gari Jumatano. Ukilipa mara moja kwa wiki, ombi linaloingia siku yoyote husubiri kiasi cha siku mbili na nusu za kazi, hata mhasibu akiwa hodari kiasi gani.

Foleni. Meza moja ina maombi mengi kuliko inavyoweza kuyatoa. Hapa kuna hesabu ambayo mtafiti wa Marekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inafanya kazi hata kwa maombi ya manunuzi: gawanya idadi ya maombi yaliyoko mezani kwa idadi yanayotoka kwa siku. Kama meza ya ugavi ina maombi 24 na yanatoka 3 kwa siku, linaloingia leo litasubiri siku 8. Ukimwambia afisa "ongeza bidii" bila kugusa 24 wala 3, umempigia gitaa mbuzi.

Nje. Muuzaji, benki, bandari. Haya yaache mwisho.

## Hatua ya 7: Badilisha vitu viwili, si saba

Ukibadilisha saba, hutajua kipi kilisaidia, na watu watachoka kabla ya wiki ya pili. Chagua viwili kutoka kwenye aina zilizokula siku nyingi zaidi.

Kwa kurudi: fomu. Chukua zile sababu mbili au tatu uzifanye visanduku ambavyo havikwepeki: unene na urefu wa nondo, daraja la saruji, namba ya kipengele cha BOQ, tarehe mzigo unapotakiwa saiti. Kisha weka kanuni kwamba ombi lenye pengo halipokelewi, na anayelipokea anampigia simu fundi palepale badala ya kulirudisha kwa gari. Ruhusu fomu ipigwe picha na kutumwa kwa WhatsApp ili safari ianze siku hiyohiyo. Karatasi halisi itafuata. Dakika 10 za simu badala ya siku 3 za barabara: hapa ndipo pa kuanzia kama huna uhakika uanze wapi.

Kwa sahihi: ukomo na kaimu. Panga maombi yako 15 kwa thamani. Mara nyingi utaona madogo mengi yanayobeba sehemu ndogo ya fedha, na makubwa machache yanayobeba karibu zote. Pendekeza ukomo ambao chini yake mhandisi mkuu anaidhinisha mwenyewe na meneja anaona orodha kila mwisho wa wiki. Juu ya ukomo, meneja anabaki, ila kaimu wake apewe mamlaka ya fedha kwa barua, si cheo tu.

Kwa mafungu: lipeni mara mbili kwa wiki. Kusubiri kunashuka hadi siku moja na robo hivi. Wahasibu hupinga kwa kuhofia kazi kuongezeka, lakini idadi ya hati ni ileile. Kinachoongezeka ni maandalizi na safari moja ya benki, na kama malipo yenu ni ya mtandaoni, hata hiyo safari haipo.

Kwa foleni: ondoa kazi isiyo ya lazima kabla ya kuomba mtu mpya. Kama ugavi wanatafuta profoma za saruji kila wiki, shindanisheni wauzaji mara moja, muwekeane bei ya miezi mitatu au sita kwa vitu vinavyonunuliwa mara kwa mara, na baada ya hapo kila ombi ni LPO tu.

Onyo kubwa: usiunganishe majukumu kwa jina la kasi. Anayeomba asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayepokea mzigo. Sahihi tatu zinazofuatana kwa mtu yuleyule si ufanisi; ni njia ya wizi, na mkaguzi ataiona kabla hajamaliza chai. Hali kadhalika risiti: Tanzania risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na Kenya ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kodi) hazirukwi kwa kisingizio cha haraka. Kinachoondolewa ni kusubiri, siyo ulinzi. Kabla ya kuanza, pitisha mabadiliko kwa mkuu wa fedha au mkaguzi wa ndani, akubali kwa maandishi.

## Hatua ya 8: Jaribuni wiki nne, saiti moja

Chagua saiti ambayo msimamizi wake analalamika sana kuhusu ucheleweshaji. Atakusaidia kuliko yule mpole aliyekwishazoea.

Tundika ubao ofisini wenye safu za vituo: limeandikwa, limekaguliwa, profoma, idhini, malipo, limepokelewa. Kila ombi ni kikaratasi chenye namba, tarehe ya kuanza na tarehe linalotakiwa. Likisogea, linasogezwa. Kila asubuhi simameni mbele ya ubao dakika kumi, mkianzia upande wa kulia, kwenye maombi yaliyokaribia kuisha. Swali ni moja: lipi halijasogea tangu jana, na linamsubiri nani? Mkikaa kwenye viti, dakika kumi zitakuwa saa nzima.

Wiki ya kwanza itakuwa na vurugu, kwa sababu maombi ya zamani na mapya yanapita njia tofauti. Usihukumu kwa wiki hiyo. Mwisho wa wiki ya nne, chukua maombi yaliyokamilika, uyapange kama ulivyofanya hatua ya tatu, uangalie la katikati na lililo mbaya.

Utajua imekwenda vizuri kama namba zote mbili zimeshuka na maombi yanayorudishwa yamepungua. Kama la katikati limeshuka na lile baya limebaki palepale, mmefaulu kwa maombi rahisi tu. Rudini hatua ya sita mchunguze makubwa peke yake. Kama hakuna kilichoshuka, angalieni kama mabadiliko yalifanyika kweli. Mara nyingi fomu mpya ilichapwa lakini ya zamani haikuondolewa stoo, na watu wanaendelea kuitumia.

## Hatua ya 9: Ukurasa mmoja, mwenye jina

Yaliyofaulu yaandikeni kwenye ukurasa mmoja: kila kituo, nani anahusika, nani ni kaimu wake, na ombi lisikae hapo zaidi ya siku ngapi. Ubandikwe mahali ombi linapoandikwa. Yule mkubwa wa hatua ya pili atie sahihi, kisha choma au chana fomu zote za zamani ambazo hazijajazwa.

Mpe mtu mmoja kazi ya kuvuta mafaili matano kila mwisho wa mwezi na kupiga hesabu ileile. Inachukua nusu saa. Mchakato huanza kuharibika siku mhasibu mpya anapoajiriwa na kufundishwa na mwenzake badala ya ule ukurasa, na mafaili matano yatakuonyesha hilo kabla ya saiti kulia.

## Maswali yanayorudi

Meneja hataki kuachia sahihi. Usibishane naye kwa hoja za uongozi. Mletee orodha ya maombi madogo aliyosaini miezi mitatu iliyopita, umwulize mangapi aliyakataa. Kama hakukataa hata moja, mwombe ukomo mdogo sana kwa mwezi mmoja, naye aone orodha kila Ijumaa. Kama aliyakataa kadhaa, basi sahihi yake ina kazi, na tatizo lenu ni kaimu.

Kila mtu anaandika "HARAKA" juu ya ombi. Futeni neno hilo, mbaki na tarehe linalotakiwa. Kisha kila wiki linganisheni tarehe hiyo na siku mzigo ulipotumika kweli. Anayeomba saruji ya Jumatatu ikalala stoo siku kumi ataonekana kwa majirani zake, na wiki inayofuata ataandika tarehe ya kweli.

Mfadhili anadai profoma tatu kwa kila kitu. Fungua mkataba usome mwenyewe. Mara nyingi sharti hilo lina kiwango cha fedha ambacho chini yake bei moja iliyothibitishwa inatosha, na ofisi imekuwa ikilitumia hata kwa misumari kwa mazoea tu. Kama kweli halina kiwango, mwandikie afisa wa mfadhili, ambatanisha picha ya ule ukuta, na omba idhini ya bei za miezi sita kwa vitu vinavyojirudia.